Msanii mgeni anayetaka kufungua mkahawa Malindi: kibali, samaki, ukuta na miezi ya kusi

Mchoraji, mchongaji au mwanamuziki aliyehamia Malindi hagundui kwa kuchelewa kwamba picha huuzwa kwa msimu ilhali tumbo hudai kila siku. Ndipo wazo la mkahawa linapomjia: ukumbi mdogo, picha ukutani, sahani chache mezani. Wazo lenyewe si baya. Mikahawa ya namna hii hufa mara nyingi kwa mambo mawili: fedha za Januari kuliwa zote kabla ya Mei, na mfuko wa picha kuchanganywa na mfuko wa jiko hadi mwenyewe hajui kipi kinamlisha na kipi kinamfilisi. Maelezo haya yanafuata mpangilio wa kazi ilivyo, na tutakaa zaidi kwenye samaki na kwenye ukuta, kwa sababu ndiko pesa zinakopotea bila mtu kuona.

Kibali kabla ya nyumba

Usilipe kodi ya nyumba hata ya mwezi mmoja kabla ya kusoma kibali chako. Kibali cha kazi cha Kenya hufungamana na shughuli iliyoandikwa humo, na aliyekuja kuajiriwa kwa daraja D hana ruhusa ya kuuza chakula kwa jina lake. Kosa linalojirudia Malindi ni la wenye daraja K. Daraja hilo hupewa mtu wa miaka 35 na zaidi mwenye kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, kwa sharti kwamba hatafanya kazi, iwe ya mshahara au ya bure. Kusimama kwenye kaunta ya mkahawa wako mwenyewe ni kazi, hata kama hujilipi.

Kibali cha mwenye biashara ni daraja G, na sharti lake zito ni mtaji usiopungua dola 100,000. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki asikimbilie huko. Aulize kwanza daraja R, lililowekwa kwa ajili yake. Mkimbizi aliyetambuliwa kisheria hutazama daraja M. Maombi hupelekwa Idara ya Uhamiaji kwa njia ya intaneti, na anayekaa zaidi ya siku 90 anahitaji pia kitambulisho cha mgeni.

Njia ya mkato ambayo wengi huonyeshwa ni kuandikisha biashara kwa jina la rafiki au mchumba. Tunaikataa moja kwa moja. Leseni, mita ya stima, namba ya till ya M-Pesa na mkataba wa nyumba vikiwa kwa jina la mtu mwingine, mkahawa ni wa mtu huyo. Siku mkikosana hakuna mahakama itakayokurudishia eti kwa sababu wewe ndiye uliyenunua viti. Kama unataka mshirika mwenyeji, na mara nyingi ni jambo jema, andikisheni kampuni, hisa za kila mmoja ziandikwe, na wakili awasomee nyote wawili kwa lugha mnayoielewa.

Makaratasi mengine ni mengi lakini hayana ugumu: kuandikisha jina kupitia eCitizen, PIN ya KRA (mamlaka ya mapato), leseni ya biashara ya Kaunti ya Kilifi, leseni ya usafi wa chakula, cheti cha zimamoto, leseni ya mamlaka inayosimamia biashara za utalii, na vyeti vya afya vya kila anayegusa chakula, ambavyo hufanywa upya kila miezi sita. Ukipiga muziki, hata wa redio, kuna ada ya hakimiliki kwa vyama vya wasanii. Wewe ukiwa msanii, hiyo ndiyo karatasi ya mwisho kuikwepa.

Nyumba

Tafuta nyumba Mei au Juni. Mvua inanyesha, wageni hawapo, na mwenye nyumba aliyekaa na ukumbi mtupu tangu Pasaka husikiliza. Ukienda Novemba atakutajia bei ya Desemba. Faida ya pili ya kutafuta wakati wa masika ni kwamba paa halifichi kitu: ingia wakati mvua inapiga, tazama makuti yanavuja wapi, tazama maji ya barabarani yanaelekea wapi.

Mkataba uandikwe, na ujue unatoka na nini. Kwa sheria ya Kenya ya maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, upangaji usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, ni upangaji unaolindwa. Mwenye nyumba hawezi kukutoa wala kukupandishia kodi bila notisi ya maandishi ya angalau miezi miwili, na unaweza kupinga mbele ya baraza la upangaji wa biashara. Mkataba wa miaka sita usio na kifungu cha kuvunja kabla ya wakati hutoka nje ya ulinzi huo. Hivyo basi mkataba mrefu si lazima uwe bora. Kwa mtu anayeanza tunashauri miaka mitano kasoro mwezi mmoja, na kifungu kinachosema vitu gani ni vyako siku ya kuhama: jiko, friza, tangi, mabomba, na picha iliyochorwa ukutani. Hiyo ya mwisho andika wazi. Ukutani haing'oki, kwa hiyo mkubaliane mapema nani ana haki ya kuipiga picha na kuiuza kwenye kadi.

Kagua maji kabla ya kukagua mandhari. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvi, yanayofaa kusafisha sakafu lakini si kupikia. Chai yake huonja chumvi na birika huganda magadi. Kwa wateja 30 kwa siku weka hesabu ya lita 1,000 za maji matamu, zikiwemo za vyombo na choo, na tangi la lita 5,000 ili ukose maji ya mfereji siku nne bila kufunga. Uliza pia tangi la septiki liko wapi na lilinyonywa lini. Lililo chini ya meza za bustani litakuaibisha Desemba, siku ambayo ukumbi umejaa.

Kuhusu mahali: barabara ya Lamu na Casuarina zina watalii na kodi ya kitalii. Mitaa kama Shela, Barani na Maweni ina wenyeji wanaokula mwaka mzima lakini hawatalipa bei ya ufuoni. Msanii mgeni asiye na akiba kubwa hufaulu zaidi ukingoni mwa hivyo viwili, mahali ambapo mwalimu anaweza kula mchana kwa bei yake na mgeni akala jioni kwa yake.

Jiko

Mkaguzi wa afya haangalii rangi ya viti. Anaangalia kuta za jiko kama zinaoshika (weka vigae au rangi ya mafuta hadi mita 1.5 angalau), sakafu kama ina mteremko wa kutoa maji, wavu wa nzi madirishani, sinki la kunawia mikono lililo mbali na la vyombo, na choo kisichofunguka jikoni. Weka kinasa mafuta chini ya sinki la vyombo na ukikombe kila wiki. Usipofanya hivyo mafuta ya kukaangia huganda ndani ya bomba, na fundi atavunja sakafu uliyoipaka rangi kwa mkono wako.

Kwa viti 24 vinatosha hivi: jiko la gesi la vichwa vinne, seredani mbili kubwa za makaa au jiko la kuchomea, friza moja ya lita 300, friji moja ya kusimama, meza mbili za chuma kisichoshika kutu, mbao tatu za kukatia (samaki mbichi, nyama mbichi, vinavyoliwa bila kupikwa), mbuzi mbili za kukunia nazi au mashine moja, na vipimajoto viwili. Mitungi ya gesi ikae nje, kivulini, ndani ya kizimba chenye hewa. Kama paa ni la makuti, seredani isiwe chini yake kabisa. Vifuu vya nazi hutoa moto mzuri sana wa kuchomea samaki lakini hurusha cheche, na makuti makavu ya Februari hayangoji.

Stima hukatika. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Friji ya kawaida, saa nne tu. Kwa hiyo friza yenye nafasi jaza chupa za maji ya kugandisha, na bandika karatasi mlangoni ya kuandika saa stima ilipokatika na iliporudi. Bila karatasi hiyo kila mfanyakazi atakuambia "ilikatika kidogo tu".

Samaki

Mgeni hudhani atashuka bandarini alfajiri, atamsalimia nahodha, atachagua changu na kurudi nyumbani. Mara nyingi samaki hao wameshauzwa kabla mashua haijatoka. Tajiri ndiye aliyempa nahodha nyavu, mashine au mafuta, na kwa mkopo huo samaki wote hupimwa kwake, kwa bei aliyoipanga yeye. Mama karanga, wanaokaanga na kuuza mtaani, nao wana zamu yao kwa samaki wadogo. Ukijaribu kumrubuni nahodha akuuzie pembeni utapata samaki mara mbili, kisha utakosa mwaka mzima.

Njia inayofanya kazi ni hii. Nenda ofisi ya BMU, chama cha usimamizi wa ufuo, ujitambulishe kwa mwenyekiti na karani wa mizani. Mwite mzee, msalimie, keti kidogo, usiulize bei siku ya kwanza. Kisha kubaliana na matajiri wawili, si mmoja, kwa maandishi mafupi: aina gani, kilo ngapi kwa wiki, saa ngapi, na malipo lini. Mlipe siku hiyohiyo. Mkahawa unaolipa papo hapo hupewa samaki wa kwanza kutoka kwenye barafu. Unaolipa "mwisho wa mwezi" hupewa waliobaki. Mayungu na Ngomeni wanastahili safari pia, hasa kwa kamba na pweza, lakini nenda na boksi lako la barafu.

Barafu ni kilo moja kwa kilo moja ya samaki katika joto letu. Hilo si la kupunguza. Jodari, nguru na vibua wakikaa juani saa chache huzalisha sumu inayoitwa histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kugandisha. Mteja huiva uso, huwashwa, kichwa humgonga ndani ya saa moja, na atasema ana aleji ya samaki, kumbe ni uzembe wako. Samaki hao wasipofika kwako wakiwa baridi hadi tumboni, warudishe. Weka mkono ndani ya tumbo, kwa sababu ngozi hupoa haraka na inaweza kukudanganya. Kwa changu, tasi na kolekole tazama macho yaliyojaa na mashavu mekundu, na nusa.

Pweza ana kalenda yake. Hupatikana kwa wingi maji ya bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, miamba inapoachwa wazi na watu wakatembea kwa miguu. Maji mafu yakifika bei hupanda. Nunua bamvua, safisha, gandisha. Kugandisha hulainisha nyama, kwa hiyo huhitaji kumpigapiga juu ya jiwe. Chemsha dakika 45 hadi 60 kwa maji yake bila chumvi, na ujue atapoteza karibu nusu ya uzito. Kilo nne mbichi ni kilo mbili mezani, na bei yako ihesabiwe kwa hizo mbili.

Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma, bahari huchafuka na mashua ndogo hukaa nchi kavu siku kwa siku. Mto Sabaki nao ukifurika huleta tope jekundu hadi ufuo wa mjini. Mkahawa ulioandika "samaki wa leo" kwa rangi ya kudumu kwenye ubao hulazimika kusema uongo miezi hiyo. Andika kwa chaki. Hati yako nzuri ya mkono ina kazi zaidi hapo kuliko kwenye jina la mlangoni.

Sahani nane, na bei zake

Usipike piza. Waitaliano wamekuwa Malindi na pembezoni mwake tangu enzi za San Marco, jukwaa la Ngomeni lililorusha setilaiti mwaka 1967, na wateja wa mji huu wanajua unga uliochachuka vizuri na usiochachuka. Usishindane pia na mama wa mahamri na mbaazi asubuhi: anauza kwa bei ambayo wewe mwenye kodi ya ukumbi huiwezi. Nafasi iko mchana na jioni.

Sahani nane zinatosha. Tatu za samaki, moja ya pweza au ngisi, kuku mmoja, mbili za mboga na kunde, na moja ya kwenu, iwe kisamvu cha Tanga, pondu ya Kongo au shiro ya Ethiopia. Hiyo ya kwenu ipike siku mbili tu kwa wiki na uitangaze; ikiwa kila siku utabaki nayo sufuriani. Biriani weka Ijumaa, uchukue oda Alhamisi.

Mfano wa bei, ambao tarakimu zake utabadilisha kulingana na soko la siku hiyo. Umenunua nguru mzima kilo 10 kwa shilingi 7,000. Ukitoa kichwa, matumbo na mkia unabaki na kilo 6.5, maana yake kilo iliyo tayari imekugharimu shilingi 1,077, si 700. Kipande cha gramu 200 ni shilingi 215. Ongeza tui, ukwaju na viungo 70, wali 40, kachumbari na ndimu 15. Jumla 340. Gharama ya chakula isizidi theluthi moja ya bei, kwa hiyo gawa 340 kwa 0.33, upate 1,030. Bei ni 1,050. Anayeanza hugawa 7,000 kwa kumi, akauza sahani 800 na kushangaa mbona ukumbi umejaa na kasha halina kitu. Kichwa na mifupa usitupe: ni supu ya kesho, na supu hiyo isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili.

Kwa samaki wa kupaka wa watu kumi: changu kumi wa gramu 350 hivi, wachanjwe mara tatu kila upande, wakae nusu saa kwenye kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, ndimu na chumvi. Nazi kubwa nne na maji ya vuguvugu mililita 600 hukupa karibu lita moja ya tui zito. Lipike pamoja na ukwaju uliochujwa, manjano na pilipili kwa moto mdogo dakika 15, ukikoroga bila kuacha, kwani likitokota kwa nguvu hukatika na halirudi. Choma samaki dakika tano au sita kila upande, paka, geuza, paka tena. Mchele kilo moja hutoa sahani nane. Tui lililokamuliwa asubuhi na kuachwa mezani huwa chachu kufikia adhuhuri. Kamua mara mbili kwa siku, au kamua mara moja na uweke baridini papo hapo.

Ukuta

Hapa msanii hujiamini na ndipo anapoharibu. Kuta za Malindi za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua: unyevu hupanda kutoka ardhini na kutoka na chumvi. Ukizipaka rangi ya plastiki, chumvi hujikusanya nyuma yake, ukuta huota unga mweupe na rangi humenyeka kama ngozi iliyoungua jua. Paka chokaa, mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukikauka kabla ya mwingine. Ukitaka rangi, changanya na unga wa rangi ya udongo unaostahimili chokaa. Nyekundu na manjano za udongo hudumu, buluu nyingi za dukani hufifia.

Picha isiguse ukuta. Gundi vipande vya kizibo vya sentimita mbili kwenye pembe nne za nyuma ili hewa ipite, la sivyo turubai hushika ukungu kufikia Juni. Misumari na nyaya ziwe za chuma kisichoshika kutu. Zile za kawaida huliwa na hewa ya bahari na picha huanguka juu ya meza. Wanaochora kwa rangi za mafuta juu ya hadibodi, jinsi ilivyoanza mikononi mwa Edward Saidi Tingatinga huko Dar es Salaam mwaka 1968, wapake pia mgongo na kingo za ubao, kwa sababu unyevu huingia kwa nyuma na ubao ukapinda. Fremu za mbao laini ni chakula cha mchwa.

Moshi na mvuke wa mafuta hupaka kila kitu utando wa njano. Hakuna picha ya kuuza ndani ya mita tatu kutoka mlango wa jiko. Hapo tundika nakala, au ubao wa chaki. Jua la saa kumi likiingia mlangoni liache lipige ukuta mtupu. Taa ziwe za mwanga wa joto, 2,700 hivi kwenye kipimo cha kelvini. Taa ya buluu inaweza kuipendeza picha yako lakini hugeuza samaki kuwa kijivu, na mteja hula kwa macho kwanza.

Usipambe kwa matumbawe wala makombe uliyookota. Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, hairuhusu kutoa chochote, na gamba la kasa ukutani ni kesi.

Picha za wasanii wengine zipokee kwa karatasi: jina la picha, bei, mgao wako (theluthi moja ni ya haki), muda wa kukaa, na nani analipa ikiharibika. Usimlipe mpishi kwa picha, na usimpe mwenye nyumba picha badala ya kodi bila kuandika thamani yake. Akiipenda leo, mwakani atasema ilikuwa zawadi.

Watu na mtaa

Viti 24 huhitaji mpishi mmoja mkuu, msaidizi, mwosha vyombo, wahudumu wawili na mlinzi. Mpishi mtafute mwenyeji, mwanamke au mwanamume aliyepika harusini, kisha umwache apike. Wewe kazi yako ni kupima, kuonja na kununua. Makato ya mshahara ni ya lazima: NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), bima ya afya ya SHA 2.75%, na nyumba nafuu 1.5% kutoka kwake na 1.5% kutoka kwako.

Nyama nunua kwa mchinjaji Mwislamu na useme wazi kwamba jiko lako halina nguruwe wala pombe, kama ndivyo. Ukitaka vyote viwili, jua umechagua wateja wa upande mmoja wa mji, na usijaribu kuwadanganya wa upande wa pili. Habari hufika msikitini kabla ya Ijumaa. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2026 ni Februari na Machi, katikati ya msimu wa wageni. Mchana pazia mlangoni na kimya; jioni weka futari, yaani tende, uji, kaimati, viazi karai na supu, na meza ziwe zimepangwa dakika 20 kabla ya adhana.

Hesabu

Till mbili, daftari mbili, akaunti mbili: moja ya chakula, moja ya picha. Mtalii akilipa kwa pamoja, risiti zitoke mbili. Kila mauzo yapite eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki. Wengi hujiona wadogo mno kwa ushuru, lakini sahani 20 kwa siku kwa shilingi 900 kwa siku 300 ni 5,400,000, na ukivuka milioni 5 kwa mwaka unapaswa kujiandikisha VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) ya 16%. Chini ya hapo, kuanzia milioni 1, kuna ushuru wa 3% ya mauzo yote, uwe umepata faida au hukupata. Uliza pia kuhusu ushuru wa utalii wa 2%. Haya yaingie kwenye bei tangu siku ya kwanza. Kupandisha bei Machi kwa sababu KRA wamekuandikia ni kuwafukuza wateja wa mtaani.

Kufungua, na kufunga kwa kusi

Fungua katikati ya Novemba, si tarehe 20 Desemba. Wiki nne za wateja wachache ndizo zitakuonyesha kwamba friza iko mbali na jiko, kwamba mhudumu mmoja hajui kujumlisha, kwamba sahani ya pweza inachukua dakika 40 kutoka. Wiki ya kwanza pika sahani nne tu na uandike kila kinachorudi jikoni bila kuliwa.

Kisha weka akiba ya kusi. Jumlisha kodi, mlinzi, stima, maji na mishahara ya wale wawili usiotaka kuwapoteza, mpishi na mhudumu bora. Tuseme ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Aprili hadi Juni ni 360,000. Ukizitoa Desemba hadi Machi ni 90,000 kwa mwezi, karibu 3,500 kila siku ya kazi, zinazohamishwa usiku uleule kabla ya kununua hata brashi. Siku ambayo hazikutosha, andika deni kwenye daftari na ulipe kesho yake.

Wengine huacha wazi siku tatu kwa wiki wakati wa mvua, Ijumaa hadi Jumapili, kwa ajili ya wenyeji. Ni bora kuliko kufunga kabisa, kwa sababu mpishi anabaki na mtaa haukusahau. Ukifunga, maliza samaki wa friza wiki ya mwisho ya Aprili, izime, ioshe kwa maji ya siki na uache mlango wazi kwa kijiti. Iliyofungwa ikiwa na unyevu haitakwisha kunuka. Shusha picha zote, zisimamishwe juu ya mbao na si sakafuni, na kitambaa cha pamba katikati yake badala ya nailoni. Vyeti vya afya vilivyotolewa Novemba vinaisha Mei. Wapeleke wafanyakazi kupimwa wiki mbili kabla ya kufungua tena Julai, maana mmoja akikutwa na minyoo au homa ya matumbo atahitaji muda wa dawa na kipimo cha pili kabla ya kurudi jikoni.